Mfarishi wa Viraka: Uwekwe Pindo au Uachwe?

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia. Amemaliza kuunga viraka vya mfarishi wake wa vitenge, tandiko la kitanda, na nyumba imegawanyika: mama mkwe anataka uzungushiwe pindo, kitambaa kingine pembezoni, yeye hataki. Kanitumia na picha, niamue. Nimecheka, maana swali hili liliwahi kunitoa machozi.

Kuna mama aliniagiza mfarishi wa kitanda cha futi 6 kwa 6, zawadi ya binti yake aliyekuwa anaolewa. Mabaki ya vitenge alileta mwenyewe, mfuko mzima: sare za harusi za ukoo, na vipande vya gauni la marehemu bibi yao, maua ya manjano. Maua yale niliyapanga pembezoni makusudi, yashuke ubavuni mwa kitanda, ndiko jicho la anayeingia chumbani linakoanzia. Pindo lingeyafungia, kwa hiyo kingo nikazimaliza kwa utepe mwembamba tu. Mama akautandaza, akashukuru. Wifi yake akashika ncha moja, akasema, "Mbona kama haujaisha?"

Basi. Malipo yaliyobaki niliyafuatilia mpaka nikachoka, na mfarishi wangu ukapelekwa kwa fundi mwingine, ukazungushiwa kitambaa cheusi upana wa shibiri nzima. Ukawa kama picha ya tanzia. Nilikuja kuuona baada ya kufuliwa: pindo mawimbi matupu, pembe zimenyanyuka. Sikufurahi. Haya, nilifurahi kidogo.

Mawimbi yale hayaji bure. Kingo za kazi ya viraka hutanuka, hasa palipokatwa mshazari. Fundi mwenye haraka hushona pindo akifuata ukingo, akifika mwisho anakata linalozidi. Ukingo ulishatanuka, na pindo limetanuka nao. Wewe pima urefu wa mfarishi kupitia katikati. Kata mapande mawili ya pindo kwa kipimo hicho, bana pini katikati na kwenye ncha, ukingo wa mfarishi unaozidi uugawanye polepole kati ya pini. Mapande ya juu na chini yapimwe baada ya hayo ya ubavuni kushonwa. Kata kwa urefu wa jora, maana kwa upana kitambaa huvutika zaidi. Na kifue kwanza, kwani kitenge kipya hurudi, na chekundu huchuja.

Wa pwani tumelelewa na kanga. Mji wake, ile sehemu ya katikati, umezungukwa na pindo pande zote nne, ndiyo maana kisicho na pindo tunakiona kimechanika. Lakini Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya huku kwetu Afrika, mifarishi yao iitwayo kawandi huanza kushonwa ukingoni kuelekea katikati, na kwao haujaisha mpaka pembe zote nne zipate vipembe vya kitambaa. Yule wifi angewaambia nini?

Dada zangu, acheni kushonea mawifi. Pindo liwe na kazi: kuongeza ukubwa, kushikilia kingo za mshazari, au kutuliza rangi zinazogombana. Likikosa kazi hata moja, unamaliza kitambaa na bitana bure. Usiamue mfarishi ukiwa sakafuni. Utandaze juu ya godoro, laza kitambaa cha pindo ubavuni, rudi mlangoni utazame. Jicho likienda kwenye pindo kabla ya viraka, kiondoe. Na ukishaamua, umeamua. Usizunguke mtaa mzima kuuliza.

Sasa wewe wa Tanga. Kwenye picha yako mfarishi unaishia pale pale godoro linapoishia, ubavu wote uko wazi. Weka pindo. Inchi 6, bluu ile ile iliyomo kwenye viraka vyako, pande tatu tu. Upande wa mito hauhitaji. Mama mkwe mwambie wazo lilikuwa lake, kwani kweli lilikuwa lake.