Re: Mbona malori huanguka palepale kila mara?

Ndugu, umeuliza kama ni mkosi au ni barabara mbovu. Chukua kipande cha Sachangwan hadi Salgaa, barabara ya Eldoret kwenda Nakuru, nchini Kenya. Lami ni nzuri, na hapo ndipo balaa lilipo. Mteremko ni mrefu lakini wa pole, haukutishi kama kona za mlimani. Dereva anatoa gia ili aokoe dizeli, lori liserereke lenyewe. Injini haishiki tena, kazi yote inabaki kwa breki. Baada ya kilomita chache utanusa harufu ya mpira ulioungua. Ngoma za breki zimechemka, ukikanyaga pedali lori halishikiki. Mbele kuna trela linalopanda kwa mwendo wa konokono na matatu inataka kulipita.

Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, basi lilipogongana na lori. Baadaye ukawekwa ukuta wa kutenganisha njia. Mimi naona ukuta unazuia kugongana uso kwa uso, lakini haupoozi breki. Ongeza uchovu wa usiku na mzigo uliozidi, utajua kwa nini ni palepale.