Mtoto Hazoei Mikono, Anazoea Mtu

Mwanangu ana miezi miwili. Akibebwa ananyamaza, akilazwa analia. Mama mkwe anasema nimemzoesha mikono, nimwache alie mpaka achoke. Nifanyeje?

Mbebe. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linaletwa kila wiki. Mtoto wa miezi miwili hajui kudeka. Anachojua ni joto, harufu na sauti. Sauti yako ameisikia tangu tumboni, harufu ya ziwa lako anaitambua ndani ya siku chache, na tangu azaliwe macho yake yanaona vizuri zaidi vya karibu, sentimita 20 hadi 30, ambapo ndipo uso wako ulipo anaponyonya. Mwaka 1972 watafiti Silvia Bell na Mary Ainsworth walichapisha walichokiona kwa watoto waliowafuatilia Marekani: walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo walipokaribia mwaka. Anayeachwa alie mpaka anyamaze amechoka, hajatulia. Chukua kanga umbebe.

Ila akilia hata akibebwa, au ana homa, au anakataa ziwa, mpeleke kituo cha afya leo. Na wewe ukichoka hadi mikono inatetemeka, mlaze mahali salama, toka nje upumue, mwite jirani. Mtoto hatikiswi kamwe.

Wangu ana miezi minane. Alikuwa akienda kwa kila mtu, sasa anamlilia babu yake. Watu wanasema ameona kitu.

Amemwona mtu asiyemfahamu, basi. Umri huo ndio watoto huanza kutenga wa kwao na wageni. Babu asimnyakue, akae, aongee na wewe kwanza, mtoto atamsogelea mwenyewe. Hirizi ya nini?

Nilirudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Sasa ana mwaka, na akianguka anamkimbilia dada wa kazi, si mimi. Naumia. Nimeamua kumwondoa mwisho wa mwezi nilete mwingine.

Usimwondoe, mdogo wangu. Najua inauma. Sheria ya Tanzania inakupa likizo ya uzazi ya siku 84. Zikiisha uko kwenye daladala alfajiri, na mtoto yuko kwa dada. Hajakukataa. Amempenda aliyekuja alipoita.

Watafiti Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto 60 mjini Glasgow, Uskoti, wakachapisha matokeo mwaka 1964. Waliona mtoto hushikamana na anayemwitikia na kucheza naye, hata kama si huyo anayemlisha wala anayeshinda naye, na kufikia mwaka na nusu wengi walikuwa na zaidi ya mtu mmoja. Kwa hiyo nafasi yako ipo, na dada hajaijaza. Ukirudi jioni weka simu pembeni, mwogeshe wewe, mlaze wewe, kila siku.

Ukimfukuza dada, anayeumia ni mtoto. Kwake ni msiba. Atashtuka usiku, atasusa chakula, nanyi mtasema dada mpya ana mkosi. Nimeona nyumba zinabadilisha dada wanne kwa mwaka: mshahara unacheleweshwa, analala sakafuni jikoni, anatukanwa mbele ya mtoto, halafu wanalalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawakai. Uliyemkabidhi roho ya mwanao mlipe kwa wakati na umpe siku ya kupumzika. Tena awe mtu mzima. Binti wa miaka 13 mahali pake ni shuleni.

Ikibidi aondoke kweli, mpya aje mapema wakae wote wiki nzima. Na aage mchana, mtoto akimwona. Asitoroshwe mtoto akiwa amelala.

Mimi ni baba, sina ziwa. Mtoto atanizoeaje?

Kwa mikono yako. Huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1958, mtafiti Harry Harlow alieleza alivyowapa vitoto vya nyani mama wawili wa bandia, mmoja wa waya, mwingine wa kitambaa laini. Hata chupa ya maziwa ilipokuwa kwa wa waya, walinyonya wakarudi kumkumbatia wa kitambaa. Mwogeshe, mbadilishe nepi, mlaze kifuani.

Akilia nampa katuni kwenye simu, anatulia. Kuna ubaya?

Ndiyo. Simu haimwitikii.

Ana mwaka na nusu. Tunataka kumpeleka kwa bibi yake kijijini mwezi mmoja asahau ziwa.

Hapana. Kabla ya kazi yake ya Marekani, Ainsworth alikuwa Uganda, miaka ya 1954 na 1955, akizitembelea nyumba za Waganda vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anageuka kumtazama mama, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Anathubutu kwenda kwa sababu anajua pa kurudi. Ninyi mnataka kumnyang'anya ziwa na mama siku moja, ugenini, usiku wa kwanza bila yeyote aliyemzoea.

Punguza ziwa moja baada ya jingine. Anza na la mchana, la usiku liwe la mwisho, na kila unapomnyima ziwa umpe paja. Bibi akitaka kusaidia, mtumieni nauli aje kwenu.