Usibane tapeti ili kelele iishe

Kijana unayeanza ufundi pikipiki hapa Moshi, kazi utakayoletewa mapema ni hii: bodaboda anaingia na pikipiki ya Kichina inayogonga tiki-tiki kwenye hedi (kichwa cha injini), na anataka inyamaze sasa hivi, abiria wanamsubiri. Ukimfuata yeye, utakaza skrubu za tapeti, zinazopanga nafasi ndogo juu ya valvu (vifuniko vinavyoingiza na kutoa gesi kwenye injini), mpaka kelele iishe, atakulipa na kukusifu. Nakuomba usifanye hivyo. Tapeti iliyolegea hupiga kelele na kupunguza nguvu. Iliyobana huunguza valvu kimya kimya.

Valvu ya ekzosi (ya kutoa moshi) hupoa inapokalia kiti chake. Ukiinyima nafasi, injini ikipata moto haifungi sawasawa, gesi inapenya pembeni na kuitafuna. Na pikipiki zetu zinapata moto kweli: mlima mzima wa Kibosho kwa gia ndogo, abiria wawili na mkungu wa ndizi. Ukiletewa pikipiki inayowaka vizuri asubuhi lakini ikishachemka inakataa kiki, anzia kwenye tapeti kabla hujagusa kabureta.

Jua pia mashine iliyo mbele yako. Boxer na TVS HLX zina kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) juu kwenye hedi, inazungushwa na cheni, kwa hiyo usitafute pushirodi (fito za kusukuma kutoka chini) humo. Za Kichina nyingi zimefuata injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kamshafti yake iko chini na ina nundu moja tu, inayosukuma rokaama (mikono inayobembea) mbili za chini. Hizo ndizo zinazoinua pushirodi, nazo husukuma rokaama za juu zinazofungua valvu. Nundu hiyo ikilika, valvu zote mbili zinaumia.

Seti tapeti injini ikiwa baridi kabisa, ikibidi pikipiki ilale gereji. Honda CG125 ilipangiwa mm 0.08 kwa valvu zote mbili. Kwa pikipiki nyingine fuata kitabu chake. Toa plagi, zungusha sumaku taratibu mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ikae mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana T hupita mara mbili kila injini inapomaliza kazi yake mara moja: sumaku huzunguka mara mbili. Shika rokaama zote mbili za juu kwa vidole. Zikicheza zote, endelea. Moja ikibana, zungusha sumaku tena mzunguko mzima.

Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ipite kati ya rokaama na valvu kwa kukwaruza kidogo. Unapokaza nati, skrubu hupenda kuzunguka nayo, kwa hiyo ishike, kaza, kisha pima upya. Najua wembe unatumika sana mitaani, lakini unene wake ni kama mm 0.1, na kipande cha karatasi kinabonyea. Fila geji ni chombo cha kununua kwa malipo yako ya kwanza.

Ukienda dukani kununua pushirodi, beba ya zamani. Injini ya 125, 150 na 200 zinafanana kwa nje, lakini usikubali kuambiwa “zinaingiliana”. Zisimamishe mbili pamoja ulinganishe urefu. Kisha iviringishe juu ya kioo: ikirukaruka imepinda, irudishe. Angalia na vichwa vyake, visiwe na mikwaruzo. Wakati wa kurudisha hedi, hakikisha kila pushirodi imekaa kwenye kikombe cha rokaama ya chini kabla hujakaza boliti hata moja, maana ikikaa pembeni unaipinda mwenyewe.

Tapeti uliyoiseti vizuri ikirudi imelegea baada ya muda mfupi, acha skrubu. Fungua chini uangalie rokaama na nundu ya kamshafti. Ukikuta uso wake umetoboka-toboka, pushirodi mpya haisaidii kitu: mweleze mwenye pikipiki gharama ya kamshafti na rokaama zake, na muulize mara ya mwisho alimwaga oili lini.