Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, mama yako naye akausoma kwa miwani yangu. Unauliza kama uache kazi ya bima utunge muziki wa piano muda wote, na mfano wako ni Philip Glass, yule mtunzi wa muziki wa Marekani. Swali zuri, ila mimi linanivuta kwingine: huo muziki ataupiga nani, na atalipwa na nani?

Unajua ninavyosema siku zote: kwenye sherehe, mpiga kinanda hulipwa mwisho. Kwanza wa mahema, kisha wapishi, MC, wa video. Usicheke. Si uliiona ile harusi ya Buruburu, ukiwa na soksi za shule, umenibebea stendi? Nilikuwa nimetunga kipande cha kuwaingiza maharusi, nimekiandika kwa penseli usiku baada ya kazi. Sijafika hata mstari wa tatu, mjomba wa bwana harusi akanigusa bega: "Mwalimu, tupigie kitu kinachojulikana." Nikageuza hapohapo, mkono wa kushoto ukishikilia ufunguo uleule wa sauti ili watu wasishtuke. Hakuna aliyegundua. Na niseme tu, niligeuza vizuri sana. Jioni wa mahema akahesabiwa pesa zake mbele yangu, mimi nikaambiwa, "Tutakupigia." Hadi leo simu haijalia. Karatasi zile ninazo, chini ya vitambaa vya mama yako.

Huyo Glass namjua kuliko unavyodhani. Mwaka 1976 opera yake, Einstein on the Beach, ilijaza ukumbi wa Metropolitan Opera kule New York, ikamwachia deni, akarudi kuendesha teksi. Ufundi wa mabomba ya maji pia aliufanya. Kwa hayo ningesema baki na bima yako.

Lakini ngoja. Aliunda kundi lake, akakaa kwenye kinanda mwenyewe, na kwa miaka mingi noti zake za muziki hakuwaachia wengine wazipige. Ukiutaka muziki ule, unamwalika yeye na watu wake. Mtu kama huyo mjomba hamgusi bega. Au atamgusa, ila atakuwa ameshalipa.

Sasa Nairobi si New York, utaniambia. Kweli, na kodi ya South B haingojei onyesho. Ila wapigaji tunao: Nairobi Orchestra ipo tangu miaka ya 1940, na Korogocho kuna vijana wa Ghetto Classics, mradi wa kufundisha muziki, wanaosoma noti vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wao. Kwa hiyo wapigaji si tatizo. Tatizo ni lilelile, mpiga kinanda hulipwa mwisho, labda awe yeye ndiye anayelipa.

Mama yako anasema nikuache uamue. Haya, nakuacha. Ingawa kama ungekuwa na kundi tayari... basi, nimenyamaza.

Jumamosi njoo na kile kipande cha piano na selo, ile fidla kubwa. Mpiga selo awe na noti zake, asichungulie zako. Nauli yake nitatoa mimi, na nitampa kabla hajafungua mfuko wa selo.

Baba yako