Churchill alikuwa mjukuu wa Duke, mbona hakurithi cheo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Winston Churchill alizaliwa katika kasri la Blenheim, babu yake akiwa Duke wa Marlborough na baba yake akiitwa Lord. Mbona yeye hakuwa na cheo? Na Duke wa kwanza, John Churchill, hakuacha mtoto wa kiume. Jina lilimfikiaje Winston?

JIBU: Marahaba. Naanza na swali la pili, maana ndilo lenye fundo.

Cheo cha kikabaila Uingereza, kama hiki cha Duke, hakifuati damu tu. Kila cheo kina hati ya kifalme iliyokianzisha, na hati hiyo ndiyo inayosema nani atarithi. Kwa kawaida imeandikwa kuwa ni wanaume wa uzao wake: mwana mkubwa, kisha mwana wa huyo, daima kuumeni. Wanaume wakiisha, cheo kinakufa hata kama mabinti wamejaa nyumbani.

John Churchill, jemadari aliyezaliwa 1650, alipewa cheo cha Duke na Malkia Anne mwezi Desemba 1702. Yeye na mkewe Sarah walikuwa na mabinti wanne na mwana mmoja tu aliyebaki hai, John, mwanafunzi wa Cambridge. Hata miezi mitatu haikupita, kijana akashikwa na ndui. Mama alikimbilia kitandani kwake, Malkia akatuma madaktari wake mwenyewe, baba akafuata. Alikufa Februari 1703, akiwa na miaka 17, akazikwa katika kanisa la King's College. Kila nikifuatilia nasaba hii huwa nasimama hapo. Cheo ni kipya kabisa, na wa kukabidhiwa hayupo.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Agosti 1704, John aliwashinda Wafaransa na Wabavaria huko Blenheim, kando ya mto Danube. Malkia alimzawadia ardhi ya Woodstock, karibu na Oxford, na hapo ndipo kasri lilipojengwa, likapewa jina la vita hivyo. Kodi ya ardhi hiyo hadi leo ni bendera ndogo ya hariri yenye maua ya yungiyungi ya wafalme wa Ufaransa, inayopelekwa Windsor kila mwaka kwa kumbukumbu ya vita hivyo. Kisha mwaka 1706 Bunge likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya mtu huyu mmoja: wana wakikosekana, cheo kiende kwa binti mkubwa na wanawe, halafu kwa mabinti wengine na wana wao, kwa zamu. Kasri na ardhi vikafungwa pamoja na cheo visiachane.

Basi John alipofariki 1722, binti yake Henrietta akawa Duchess kwa haki yake mwenyewe, si kwa kuolewa. Mwanawe William alimtangulia kaburini mwaka 1731 bila kuacha mtoto. Henrietta alipofariki 1733, zamu ikawa ya tumbo la mdogo wake Anne, ambaye naye alikwisha kufariki. Mwana wa Anne, Charles Spencer, ndiye aliyekuwa Duke wa tatu. Mali ya kina Spencer, yaani Althorp, akamwachia mdogo wake John, na kwa huyo John ndiko alikotoka Princess Diana. Kwa hiyo kuumeni Winston ni Spencer, na Churchill ni kukeni. Familia iliongeza jina hilo kwa ruhusa ya kifalme mwaka 1817.

Sasa swali la kwanza. Randolph, baba yake Winston, alikuwa mwana wa tatu wa Duke wa saba. Mwana mdogo wa Duke huitwa Lord kwa heshima tu. Kisheria ni raia wa kawaida, ndiyo maana Randolph aligombea ubunge. Heshima hiyo hairithiwi na watoto wake.

Hata hivyo Winston alikaribia. Baba yake mkubwa, Duke wa nane, alifariki 1892, na cheo kikaenda kwa mwanawe Charles, ambaye hakuwa na mtoto. Randolph alipofariki Januari 1895, aliyefuata kwenye foleni alikuwa Winston, hadi Charles alipopata mwana Septemba 1897. Kama Charles angekufa katika miaka hiyo miwili na nusu, Winston angeingizwa Bunge la Malodi, yaani la wenye vyeo, na mlango wa bunge la kuchaguliwa ungefungwa kwake. Sheria ya kumruhusu mtu kuvua cheo alichorithi ilipitishwa mwaka 1963.