Panya kuanguka mapema si ushahidi tosha

Mdogo wangu, umeuliza kama panya kuanguka mapema kwenye fimbo inayozunguka, baada ya kunyweshwa dawa ya mizizi, kunathibitisha kwamba mmea wako unavuruga mizani ya mwili. Bado.

Kwanza, mizizi uliiloweka kwenye nini? Kama ni ethanoli (pombe) na haikukauka yote, huenda umewalewesha tu. Kundi la kulinganishia lipewe kimiminika kilekile ulichoyeyushia dawa, kwa ujazo uleule, si maji ya bomba. Kundi jingine lipewe diazepamu, dawa inayojulikana kulegeza misuli. Wasipoanguka hata hao, kasoro iko kwenye jaribio lako.

Wafundishe panya siku moja au mbili kabla. Anayeshindwa kukaa juu ya fimbo kabla hajapewa chochote, mwondoe. Watafiti wengi hupandisha kasi ya fimbo kutoka mizunguko 4 hadi 40 kwa dakika, ndani ya dakika 5. (Wapo panya wanaogundua kwamba kuanguka hakuumizi, wakaanza kujirusha makusudi. Waandike kando.)

Kinachowaponza wanafunzi wengi ni usingizi. Panya mwenye usingizi huanguka sawasawa na aliyepoteza mizani. Mweke kwenye boksi la wazi uone anatembea kiasi gani, kisha mpitishe juu ya upau mwembamba uhesabu miguu inavyoteleza. Anayetembea vizuri lakini anateleza ana shida ya mizani; asiyetaka hata kusogea amelewa dawa.

Tumia dozi tatu tofauti, kila moja kwa kundi lake, na anayeshika saa asijue panya yupi kapewa nini.