Maswali ya Wasomaji: Ubaguzi Ukiingia Kanisani

SWALI: Usharika wetu una watu wa lugha mbili. Tunaabudu pamoja, lakini ibada ikiisha kila kundi linajitenga, na mgao wa misaada unanung'unikiwa. Mahubiri ya upendo tumeyasikia mpaka basi. Tufanye nini?

JIBU: Shughulikieni kwanza hayo manung'uniko. Kanisa la Yerusalemu lilipatwa na jambo hilohilo (Matendo 6:1-6): wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakumtafuta mchochezi, kama wazee wengi wapendavyo kufanya. Waliwaita waumini wote, wakataja sifa zinazotakiwa, wakawaachia wachague watu saba. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa mgao.

Kwa hiyo orodha ya wanaosaidiwa iandikwe, ishikwe na watu wa pande zote mbili, na isomwe mbele ya baraza kila mwezi. Msimweke mtu mmoja tu wa upande wa pili. Akiwa peke yake atanyamaza, au kila akifungua kinywa ataonekana anatetea watu wake. Wawe angalau wawili, na wapige kura kama wengine.

Kujitenga baada ya ibada hakuondolewi kwa tangazo. Petro alikuwa ameshaingia nyumbani kwa Kornelio, mtu asiye Myahudi, na kukiri kwamba Mungu hana upendeleo. Hata hivyo, kule Antiokia alikula na watu wa Mataifa (wasio Wayahudi) mpaka walipofika wageni kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, ndipo akajitenga, na Barnaba akamfuata (Wagalatia 2:11-14). Aliwaogopa Wayahudi wenzake. Ndiyo maana viongozi watangulie kukaa meza ya mchanganyiko, tena wakionwa na jamaa zao. Waumini wapangiwe vikundi vya watu sita hadi wanane, kila kikundi na kazi moja kwa miezi mitatu: kutembelea wagonjwa, kupika, kufanya usafi. Mkiwaacha wajichagulie wenzao, watarudi kulekule.

SWALI: Mzee wetu hutania lafudhi ya wenzetu hata akiwa mimbarani. Nimwambie?

JIBU: Mwambie, kwanza mkiwa wawili tu (Mathayo 18:15-17). Mtajie maneno yenyewe na siku aliyoyasema. Ukimwita mbaguzi, mtabishana juu ya hilo jina. Asiposikia, rudi na mmoja au wawili, na mmojawapo awe wa lugha ya huyo mzee. Na kwa kuwa aliyasema mimbarani, ayafute akiwa mimbarani.

SWALI: Tunataka kusali na jirani zetu wa dhehebu lingine. Tuanzie wapi?

JIBU: Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, linaloadhimishwa sehemu nyingi tarehe 18 hadi 25 Januari, lilianza mwaka 1908 na lina utaratibu wa sala uliokwisha kuandaliwa. Wachungaji wa pande zote mbili waupitie kwanza, wagawane masomo na maombi. Meza ya Bwana msiiguse kwa sasa. Hapo tofauti ni za mafundisho, na kuzifunika kwa haraka huwaudhi hata waliokuja kwa moyo mweupe.